Shimo Namba Nne, Kwihara

Siku ya kwanza nilikabidhiwa mwiko.
Si wa kusongea ugali: wa mwashi, ncha imenolewa,
mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli.
Bwana Mlekwa akasema, "Huu ni mwiko,
na mwiko wake ni mmoja: usichimbe kwa hamu."

Kisha kamba, misumari minne,
mita moja kwa moja nyuma ya tembe,
na fomu ya chuo inayouliza kwa herufi kubwa
MWANAFUNZI AMEJIFUNZA NINI WIKI HII?

Wiki ya kwanza nilijifunza magoti.
Ya pili, rangi za udongo:
hudhurungi, hudhurungi iliyoiva, hudhurungi ya michembe
(hiyo ya mwisho ilikatwa kwa kalamu nyekundu,
haimo kwenye chati).
Asubuhi za Julai baridi ya Tabora inang'ata vidole;
saa sita jua linakuja kudai deni lote.

Nyumbani walidhani nachimba dhahabu.
Baba mdogo Kasanda hupiga simu kila Jumamosi:
"Mmeipata?"
"Tumepata kigae, baba."
"Kigae."
Salio lake huisha kabla ya mshangao.

Saa nne wageni hufika.
Mwongozaji husimama penye mlango wa nakshi,
huhesabu vyumba, hutaja waliolala humu:
tajiri, msafiri, msafiri mwingine.
Mimi niko nyuma na udongo wangu,
upande wa walioamka mapema.
Hakuna anayeuliza nani alipika.

Alhamisi, sentimita arobaini na mbili,
mwiko ukagota.
Jiwe. Halafu jiwe jingine,
yote mawili yameungua upande mmoja,
katikati majivu laini kama unga wa ulezi
na ushanga mwekundu, mdogo kuliko punje ya mtama.

Bi Nyamizi, anayelipwa kwa siku kuchekecha,
alichungulia, chekeche likabaki linaning'inia.
"Figa hilo. Na lile figa. La tatu liko wapi?"
Nikasema labda liko nje ya kamba.
Akacheka hadi vumbi likamwingia kooni:
"Mwenzangu, chungu kinajua kamba?"

Kibali kilisema mita moja.
Ijumaa tulitandika turubai, tukafukia.

Kazi ya mwisho: kibao cha maelezo,
maneno arobaini, wasome hata watoto wa shule.
Niliandika *mwanamke alipika hapa*.
Nikafuta. Nani kaniambia ni mwanamke?
Niliandika *mtumwa*.
Nikafuta, mkono mzito.
Niliandika *mtu huru*.
Hilo nililifuta haraka kuliko yote.

"Weka *huenda*," akasema Bwana Mlekwa.
"Ndilo neno letu la uaminifu."

Huenda.
Nililitazama hadi likaota miguu:
huenda pwani, hurudi,
huenda ziwani, hurudi,
mzigo begani, wimbo umebanwa menoni,
na wengine huenda tu.

Jioni Bi Nyamizi aliisoma rasimu kwa kidole,
neno baada ya neno, kama anayechambua mchele.
"Nzuri," akasema. "Ila inasema *wataalamu walitambua*.
Wataalamu mlikuwa mnapima tu.
Aliyetambua nani?"

Sikuwa na la kujibu. Nikachukua kalamu.
Maneno yakafika arobaini na matatu.
Bwana Mlekwa aliyahesabu mara mbili,
akavua miwani, akaivaa tena,
akagonga muhuri.

Fomu ya chuo, wiki ya nane.
Amejifunza nini?
Nilijaza: kuhesabu hadi tatu.