Pangoni, Juu ya Kayenze

Viatu tulivipanga mlangoni, jozi kumi na moja,
vya Shangazi Milembe vikiwa bado na tope la Kirumba.
Mlinzi wa mambo ya kale alitukatia risiti.
Shangazi akaipokea, akaikunja, akaifunga pindoni
pamoja na unga wa mtama wa kuwapa wenyewe.

Mle mwambani unashuka kwa makalio.
Tochi ya simu ikalamba ukuta:
masizi ya moto uliozimwa haraka,
jiwe la kusagia, tumbo limeliwa na mikono,
vigae, mavi ya popo,
na huko chini, penye upenyo wa kidole,
ziwa, kipande chake tu,
cheupe kama jicho la sato aliyechomwa.

"Walikaa humu siku tisa," alisema Shangazi,
"juu wakipita wenye minyororo.
Mama zetu walijua kuziba kilio kwa titi.
Mmoja aliziba mno."
Hakumtaja jina. Alinyunyiza unga.

Ndipo Nkwimba wangu, wa miezi mitano,
aliyelala tangu Igombe,
akazinduka gizani, akalia.
Nikahangaika na kifungo, vidole havinisikii.

Shangazi akanishika mkono.
"Mwache."

Kilio kikapanda mawe tuliyoshukia,
kikagonga, kikarudi, kikawa cha watoto wengi,
popo wakachachamaa, mchanga ukatudondokea shingoni.
Shangazi alikuwa ameinua uso, anasikiliza juu.

Kule juu hakusimama mtu,
ila mlinzi na karanga zake.