Kaa

Wiki ya kwanza nilihesabu usiku kwa mikojo.
Saa saba, saa tisa, saa kumi na moja kasorobo:
vidato thelathini na viwili kutoka mlangoni hadi uani,
mimi na kanga juu ya koti la baridi,
yeye kwapani, moto kama andazi,
Dundee nzima imelala, hata mto Tay haukohoi.
"Haya, kojoa." Ananusa. Ananusa jani lilelile la jana.
"Kojoa, baba." Mvua inaanza, nyembamba, isiyo na radi,
mvua ambayo kwetu Tukuyu tungeiita umande.
Kisha, basi, matone manne kwenye nyasi,
nami nampigia vigelegele vya kunong'ona
kama bibi harusi ameingia ukumbini.

Jina lake Kashata, kwa rangi ya karanga zilizokolea sukari.
Wiki tisa. Mkia unamtikisa yeye, si yeye anayeutikisa.

Kwetu mbwa alikula ukoko,
akalala nje, akabweka akipenda,
na hakuna aliyempimia chakula kwenye mizani.
Mimi leo napima: gramu hamsini na tano, mara nne kwa siku,
maji ya uvuguvugu, dakika kumi ziloweke.
Mama kwenye simu anauliza, "Unapima nini hicho?"
"Chakula cha mbwa, mama."
Kimya.
Halafu: "Na wewe umeshakula?"

Zabibu marufuku. Kitunguu marufuku. Chokoleti ndiyo kabisa.
Nimebandika orodha kwenye friji
juu ya ratiba ya zamu zangu za hospitali.
Kiatu cha kazi, cha kushoto, hakikuwemo kwenye orodha.
Wala mguu wa meza. Wala kidole cha Gwamaka,
aliyepiga yowe na kurusha mikono
mpaka nikamfundisha nilichofundishwa:
nyamaza, geuka, mpe kitu chake atafune.
Meno ya maziwa ni sindano,
hayana ubaya, yanawasha tu.

Amri nilimpa kwa Kiswahili. Sikupanga.
Saa kumi usiku Kiingereza changu huwa kimelala.
Njoo. Acha. Shuka. Lete. Kaa.
Punje moja puani, naipandisha polepole,
kichwa kinafuata juu, makalio yanafuata chini,
"Kaa!" na punje ni yake.
Mara tano, tunaacha. Ya sita huwa anakula zulia.

Bi Effie Rennie wa ghorofa ya chini,
ambaye mlango wake hujifunga kabla salamu haijaisha,
alinisimamisha kwenye ngazi:
amemwambia mbwa aketi, mara sita, kwa lugha ya Mungu,
na mbwa anamtazama tu.
Nikampa neno. Akalitafuna. "Ka. Ka-a."
Kashata akakaa, juu ya kiatu chake.
Bibi wa miaka themanini na mmoja alicheka hadi akashika ukuta.

Na Gwamaka, ambaye nikimuuliza "umeshindaje"
hunijibu kwa lugha ya shule,
jana nilimsikia nyuma ya mlango wa bafu:
"Wewe. Kaa. Kaa hapo.
Mama nachoka. Mama natoka kazi ya usiku."
Vitenzi vilichechemea. Sikuvishika mkono.
Nilibaki koridoni na taulo.

Kaa: neno moja, kuketi na kuishi.
Karatasi zangu za kukaa zilichukua miaka sita
na picha ndogo kumi na mbili nisizotabasamu.
Huyu kaa yake ameipata kwa siku nne na punje za kuku.

Alhamisi ni chanjo ya pili, ndipo atakanyaga barabara.
Kwa sasa nambeba hadi kituo cha basi
asikie malori, aone miavuli, asijekua mwoga.

Saa tisa. Analia. Si njaa, kilio hiki nakijua.
Kanga, koti, ufunguo, ngazi.
Kidato cha thelathini
ubavu wangu unapata joto ghafla.
Haya, baba.
Vilibaki viwili.