Bahari Inayoondoka

Mama alizaliwa Kolon, upande wa Karibi,
kwenye bahari isiyojua bamvua:
maji hupanda shubiri, hushuka shubiri,
ukisahau ndala ufukweni jioni
asubuhi utazikuta, zimelowa tu.

Akaolewa Jiji la Panama, saa moja na nusu kwa basi.
Siku ya kwanza akafungua dirisha la jikoni:
bahari haipo.
Tope tupu, ndege wakidonoa kaa,
mashua zimeinama kama walevi.
“Abdiel! Mmeipeleka wapi bahari yenu?”

Baba alicheka hadi kahawa ikampalia.
“Itarudi. Ngoja masaa sita.”

Hakuzoea. Miaka thelathini na mmoja
akikaanga ndizi, jicho dirishani,
kupwa, kujaa, kupwa;
na baba akichelewa (alichelewa sana,
alikuwa na mambo yake huko Chorrillo)
mama alitazama tope, hakutazama mlango.

Jambo jingine hakulisamehe:
jua kutokea Pasifiki.
“Nchi imelala kiupande,” alinung’unika,
“kama mtoto mwenye homa.”

Tulipomzika baba, nikamrudisha mama Kolon.
Jana nimemkuta kwenye ngazi za gati,
miguu majini, maji yamemfika vifundoni,
palepale yalipokuwa asubuhi.
“Si ndiyo hii uliyoililia?” nikamuuliza.

Alikaa kimya mpaka meli mbili zikapita
zikielekea mfereji, kule ng’ambo.

“Hii haiondoki,” akasema.
“Sasa mtu angoje nini?”