Hodi

Fyuzi ya nne wiki hii. Imepasuka alfajiri,
kabla Changamwe haijaamka,
na tanuri la kioo likaanza kupoa
huku meneja akihesabu hasara kwa vidole.

Nyevu Tsuma alikuja na begi la turubai,
oskiloskopu ya kuazima, chapati mbili kwenye gazeti.
"Nani aliyewasha?"
Mimi.
"Kwa utaratibu gani?"
Kama tulivyofundishwa: kwenye sufuri,
wimbi linapovuka mstari, pasipo kelele, pasipo cheche.

Akacheka kidogo. "Hiyo ni adabu ya hita.
Waya wa moto hauna kinyongo,
ukiupa unapokea, ukiunyima unaacha.
Hii ni transfoma. Ndani mna chuma,
na chuma huweka mambo moyoni."

Akanionyesha kwenye kioo cha kijani:
umeme ulipokatika jana usiku
ulikiacha kimeinama upande mmoja,
sumaku ya jana ingalimo.
Nami nikaanza kwenye sufuri, upande uleule,
nikamlisha aliyeshiba.
Mkondo ukafurika. Fyuzi ikalipa.

"Ngoja kilele," akasema. "Robo ya wimbi,
milisekunde tano tu.
Mpigo wa kwanza uangukie hapo, volti ikiwa juu kabisa.
Ukianzia hapo chuma hakizidiwi."

Halafu thairista. Lango lake, ukishalifungua,
kulifunga si kazi yako:
litangoja mkondo ufe wenyewe.
Na mkondo wa koili ni mgeni wa kwetu,
volti imeshatoka nje, imevaa viatu,
yeye angali kizingitini anaongeza neno.
Kuja pia huja kwa kujivuta.
Ukibisha mara moja, mpigo mwembamba, ukaondoka,
mlango unajirudia.
Basi hodi. Hodi. Hodi,
mipigo mfululizo, mpaka umsikie anakuja.

Akazungusha skrubu ya njano
kwa bisibisi ndogo kama ya fundi saa.
Akaniambia washa. Mkono ulikataa.
Akawasha yeye.
Transfoma ikanguruma taratibu,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema,
na mshale wa ampia ukapanda bila kuruka.
Chapati moja akanipa mimi.

Saa mbili nikateremka Mikindani kwa miguu.
Jana, taa zilipozimika, niliondoka
katikati ya neno. Mbeyu nilimwacha gizani
ameelemea upande wa hasira, na mimi wangu.
Mlango umekomewa kwa ndani.
Njia nzima nilikuwa nimelishika lile neno,
nianze palepale lilipokatikia.

Nikainua mkono. Nikaushusha.
Nikasikia birika, kisha maji, kisha kijiko kikigonga kikombe
mara nyingi kuliko sukari inavyohitaji.
Nikangoja kijiko kinyamaze.

Hodi.