Joto Lipi

Kwetu Muheza ukisema ng'ombe yuko kwenye joto
hakuna anayeinua macho kulitazama jua.
Hapa Barka, mwezi wa saba, digrii arubaini na saba,
huna budi kufafanua: joto lipi?

Kwa maana hili la nje hulimeza lile la ndani.
Mchana ng'ombe mia nne husimama chini ya mapangaboi,
ndimi nje, wakihema kama waliofukuzwa,
hakuna anayempanda mwenzake, hakuna anayelia.
Maziwa yameshuka lita sita kwa kila kichwa
na Bwana Hamdun anaisoma karatasi ya vipimo
kama anayesoma talaka.

Ndiyo maana nalala mchana, nakesha na tochi.
Joto la ng'ombe wa huku ni la kuibia:
huja giza likishika, hukaa saa chache, halisemi kitu.
Ute mwembamba unaong'aa mkiani.
Manyoya yaliyosuguka juu ya kiuno.
Mmoja anaacha pumba, anazunguka ukingoni mwa uzio,
mwingine anamwekea kidevu mgongoni
naye haondoki.
Kusimama tuli: hilo ndilo neno lake zima.

Namba mia tatu na kumi na nane. Tumekatazwa kuwapa majina.
Namwita Sihaba.
Mara mbili nimempandisha, mara mbili amerudi
siku ya ishirini na moja, kama mdai.
Rafiqul, mkamuaji, alipitisha kidole shingoni:
ya tatu ikishindikana, lori.

Kazi yangu inaitwa uhimilishaji.
Kuhimili ni kubeba, kuhimili ni kuvumilia;
aliyeliunda neno hili
bila shaka alikuwa na mke mbali.

Nilimwona saa nne usiku, nikangoja mpaka saa kumi.
Mbegu imelala mtungini, kwenye baridi ambayo kwetu haina jina,
digrii mia na tisini na sita chini ya sifuri.
Dume mwenyewe alikufa zamani, nchi ya theluji,
hajapata kuuona mtende.
Mrija unataka maji vuguvugu, thelathini na saba,
nusu dakika tu.
Nafungua bomba: arubaini na nne. Alfajiri hiyo!
Basi natia barafu kwenye maji
ili niyeyushe barafu.
Wallahi nikisimulia kwetu watasema nimepigwa na jua.

Glovu mpaka begani. Mkono wa kushoto ukaitafuta shingo ya kizazi,
ngumu kama shingo ya kuku,
pete ya kwanza, ya pili, ya tatu ikakataa,
nikangoja, ikakubali.
Nikasukuma taratibu, nikihesabu tano.
Sihaba akashusha pumzi, akaendelea kucheua
kana kwamba habari hii haimhusu.

Siku ya sitini nikaingiza mkono tena.
Pembe moja ya kizazi imelegea, imejaa, kama puto la maji,
na kati ya kidole gumba na cha shahada
utando ukateleza
kama uzi unaochomoka pindoni.

Siku mia mbili themanini na tatu.
Nikahesabu ukutani kwa chaki ya kutilia alama: katikati ya Aprili.
Nikampigia Mwanahija. "Aprili," nikamwambia, "na likizo yangu Aprili."
Akacheka, akasema atapaka chokaa chumba cha uani.

Asubuhi Bwana Hamdun, kwa Kiunguja chake alichozaliwa nacho:
"Aprili? Weye, ng'ombe wote hawa uliowatia mimba
watazaa Aprili. Nani atavuta ndama? Mimi?"

Najua siku za ng'ombe mia nne kwa kichwa.
Za mke wangu, mwaka wa pili huu, nazisikia kwa simu.

Usiku ule simu iliita mara tatu.
Namba sabini na mbili alikuwa amesimama tuli.
Nikatia barafu kwenye jagi,
nikatumbukiza kipimajoto,
nikangoja kishuke.