Mkeka

Nilitia dole gumba kwenye wino, ofisi ya kijiji, Mvumi.
Jina likasomwa mbele ya watu: kaya maskini,
Sechelela Ndahani.
Nikaitika kama mwanafunzi.

Njiani nilishazigawa, bado ziko pindoni:
debe la uwele, daftari za Nyemo, dawa ya kuku.

Chilewa alinisubiri mlangoni kwa heshima isiyo yake.
"Nikopeshe elfu kumi. Kesho asubuhi
wanacheza Australia. Mechi ya uhakika."

Australia!
Mtu ambaye Kongwa tu hajafika
anajua huko nani kaumia goti.
Goti la mwanawe, limevimba tangu Jumapili,
hajaliona.

Akasuka mkeka wa timu saba.
Mama yangu naye alisuka mikeka;
wake ukichanika, uliushona, ukaulalia tena.
Huu ulichanika dakika ya tisini.
"Timu moja tu," akasema,
akasema tena wakati wa kula,
"moja tu,"
kama aliyefiwa.

Sikumgombeza.
Mwezi wa nne, nilipotumwa chumvi,
nililitupia dubwi la dukani kwa Masinga sarafu moja
likanitapikia nyingi, kwa kelele, kama mvua juu ya bati.
Nilirudi nikicheka peke yangu.
Chumvi nikaisahau.
Naijua ladha yake.

Leo uwele ni nusu debe.
Daftari, moja.
Noti iliyobaki nimeishonea ndani ya mto,
upande anaolalia yeye.