Majimoto

Nilianza na jivu.
Jivu la jikoni, bado lina uvuguvugu,
nikalizungusha mlangoni kama mtu anayeweka zindiko.
Asubuhi nikakuta wameshalitoboa njia,
nyembamba, safi,
kama barabara ya Masasi kabla ya mvua.

Nikaja na mafuta ya taa.
Nyumba ikanuka koroboi, wali ukanuka koroboi,
nao wakahama tu, kutoka kizingiti kwenda dirishani,
kutoka dirishani kwenda kwenye kamba ya nguo,
wakaingia kaptula ya Bakiri
siku ya mtihani wa darasa la nne.
Alirudi hajamaliza karatasi.
Hakulia. Alisimama nyuma ya choo anajikuna,
"Mama, wana hasira gani na mimi?"

Hapo nikakasirika mimi.

Hapa Kitangari maji hayachotwi, yananunuliwa.
Ndoo mia tano, kiangazi mia saba,
na bado unaingoja baiskeli mpaka jua linakuchosha.
Nilichemsha ndoo sita.
Ndoo sita! Tungeoga wiki nzima.
Nikachukua upondo, nikauendea mkorosho wa uani,
ule aliopanda mama mkwe mwaka wa kuhamia vijijini,
na kila kiota, majani yaliyoshonwa kwa uzi mweupe
ambao hakuna fundi wa Newala anayeuuza,
nikakikata, kikaangukia ndooni.
Maji ya moto kwa majimoto.
Ati maji ya moto hayachomi nyumba.
Nyumba zao zilikuwa za majani;
zilinywea kama mchicha.

Usiku ule tulilala mlango wazi.

Mwezi wa saba machipukizi yakaanza kuwa meusi.
Kwanza ncha, kisha kikonyo, kisha maua.
Nikasema ni ubwiri. Nikakopa salfa chama cha msingi,
nikapuliza mpaka mate yakawa unga.
Bibi shamba akaja, akageuza jani,
akanionyesha kidudu chembamba, miguu kama nyuzi.
"Huyu mbu wa mikorosho. Salfa haimtishi.
Waliokuwa wanamla, uliwapika."
Alisema hivyohivyo, uliwapika,
akaandika kitu kwenye daftari lake.

Mkorosho ule ulinipa kilo nne.
Ng'ambo ya minyaa, kwa Somoe Nampota,
mabibo yalianguka mpaka yakachacha,
kuku wakatembea upande.

Na mimi na Somoe hatusalimiani
tangu kesi ya minyaa hiyo.

Nilikwenda nimeshika kikombe kitupu
kama mtu anayeazima chumvi.
"Nimekuja kukuomba majimoto."
Alicheka mpaka akakaa chini,
akajifuta macho kwa upindo wa kanga.
"Wenzio huomba moto, mwenzangu. Wewe waomba wanaouma."
Kisha akaingia ndani, akakaa sana,
akatoka na kamba ya katani, ya kufungia magunia.
Tukaifunga toka tawi lake hadi tawi langu,
juu ya kesi yetu.
Wa kwanza alifika katikati, akasita, akarudi.
Somoe akasema, "Huyo kanifuata mimi."
Sikujua kama ninaruhusiwa kucheka.
Kikombe nilikisahau kwake. Hajakirudisha,
nami sijakidai.

Mlangoni bado nawafukuza, usidhani.
Tawi lililogusa paa nimelikata,
lile ndilo lilikuwa daraja lao, nami miaka yote
naanikia chini yake na kulaani.
Kamba ya nguo ipo upande wa choo.
Sufuria hailali na ukoko.
Jivu naliweka bado, kwa mazoea.

Jana Bakiri anaokota korosho, nikasikia kofi,
akajipiga shingo, akajipiga goti.
"Mama! Wamerudi!"
"Najua," nikamwambia. "Okota."